Waja Leo, Waondoka Leo: Mtalii Ni Nani, na Utalii Unamlisha Nani?

"Kwani hawa nao ni watalii, mwanangu?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja anayekaanga mihogo karibu na njia ya kuingilia Mapango ya Amboni, kilomita chache kaskazini ya Tanga mjini. Basi la wanafunzi kutoka Korogwe lilikuwa limesimama kivulini. Watoto, na sare zao na soksi zilizojaa vumbi, walikuwa wamemzunguka kama nyuki, kila mmoja na sarafu mkononi. Karai la kwanza likaisha, la pili likaingia, pilipili ya ndimu ikamwishia, akamtuma binti yake mbio akatengeneze nyingine. Mimi nilitaka kumpongeza tu: "Leo umepata watalii, mama." Ndipo akanishangaa. Kwake yeye hao ni wanafunzi. Watalii ni Wazungu, na Wazungu wa mwisho aliowaona walikuja juzi, wawili. Gari likawashusha getini, likawachukua palepale getini, vioo vimefungwa. Hawakununua hata kipande kimoja cha muhogo.

Mkanganyiko huo hauko Amboni peke yake. Unausikia kwenye vijiwe vya kahawa Ngamiani kila redio inapotangaza kwamba utalii umekua. Mmoja atauliza, "Umekua wapi, mbona siwaoni?" Mwingine atadakia, "Na hela zake zinakwenda wapi?" Maswali yote mawili ni ya haki, lakini si swali moja. La kwanza linahusu safari za watu, la pili linahusu biashara. Neno letu moja, utalii, limebebeshwa mizigo yote miwili, na tusipoitenganisha tutabishana mpaka kahawa ipoe.

Nianze na neno lenyewe. Kutalii tumelipata kwenye Kiarabu, na mzizi wake unahusu kukitazama kitu kwa makini, kukidurusu. Kwa asili hiyo, mtalii ni mtu aliyekwenda mahali kutazama ili ajue. Neno halitaji rangi ya ngozi wala pasi ya kusafiria. Ila katika mazungumzo yetu ya kila siku tunayo maneno mengine ya kuhama kwa muda, na ndiyo tunayoyatumia zaidi. Anayekwenda Pangani kusoma dua kwenye kaburi la babu yake anasema ana ziara. Anayekwenda Muheza harusini anasema ana safari. Anayetoka jioni kupunga upepo Raskazone anasema anatembea. Ni nadra kumsikia mtu wa Tanga akisema, "Kesho nakwenda kutalii." Kwa hiyo watu hawa wote wanapowekwa kwenye hesabu za utalii, mwananchi huona kama anafanyiwa kiini macho.

Kipimo kinachotumika duniani kimewekwa na Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Madrid. Kwa lugha ya kawaida kinasema hivi: mgeni ni mtu aliyetoka nje ya mazingira aliyoyazoea, kwa muda usiofika mwaka, kwa sababu yoyote ile isipokuwa kwenda kuajiriwa na kulipwa na mahali alipofikia. Mapumziko yamo. Harusi imo. Matibabu, mkutano, ibada, kumwona shangazi, yote yamo. Furaha si sharti. Hata aliyekuja msibani huhesabiwa.

Wazee wetu walikwisha kuuona mpaka huo zamani. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Siku mgeni anaposhika jembe, yaani anapoanza kupata riziki yake hapohapo alipofikia, ugeni umekwisha. Takwimu zimekuwa na huruma kuliko methali, zimempa karibu mwaka mzima badala ya siku mbili, lakini mstari ni uleule: mtalii anakula hapa jasho alilolitoa kwao. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu biashara nzima inasimama juu yake.

Mtazame Ibn Battuta. Alitoka kwao Tangier mwaka 1325 kwenda Hija, na mwaka 1331 akashuka pwani yetu mpaka Mombasa na Kilwa. Huku kwetu alikuwa mgeni kamili: akapokewa, akatazama, akaondoka, na baadaye akasimulia. Lakini alipofika Delhi, Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi kwa mshahara, naye akakaa miaka. Delhi walimpa jembe. Msafiri ni yuleyule, kofia ni ileile, ila kwa kipimo cha leo angehesabiwa Kilwa na asingehesabiwa Delhi.

Sasa tulete kipimo hicho hapa nyumbani. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa Tanga. Tangu kazi hiyo ianze, watu wa Tanga wamezoea kusikia kwamba vyumba vimejaa na huku "watalii hawapo". Chukua mhandisi aliyetumwa kwa siku nne kukagua kazi, analipwa na ofisi yake Dar es Salaam, analala hotelini, anakula changu wa kukaanga, anaondoka. Huyo ni mtalii wa kikazi, ingawa hakuona pango wala ufukwe. Chukua fundi mwenye mkataba wa miaka miwili, amepanga nyumba, amenunua jiko na mtungi wa gesi. Hata akiwa ametoka Ulaya na kila Jumapili anaogelea, huyo si mtalii tena. Ni jirani yako.

Na watoto wa Korogwe? Wametoka mazingira yao. Hawalipwi na mtu hapa. Wamekuja kutazama na kusoma, jambo ambalo ndilo hasa mzizi wa neno. Nionavyo mimi, hakuna aliyestahili kuitwa mtalii siku ile kuliko wao. Kinachowatenganisha na hesabu za wataalamu ni usiku mmoja tu. Katika takwimu, mgeni aliyelala ndiye mtalii. Aliyekuja na kurudi siku hiyohiyo huitwa mtembezi wa siku.

Hapo ndipo msemo wa mji wetu unapoingia. "Tanga, waja leo waondoka leo." Kila mtu ana tafsiri yake, na wapo wanaoshikilia kwamba maana yake ni kinyume, kwamba ujaribu uone kama utaweza kuondoka. Tafsiri yoyote uichukue, msemo umegusa mstari uleule unaogawa mtalii na mtembezi. Nenda Horohoro mpakani utauona mstari huo kwa macho. Yupo aliyetoka Mombasa kuja kulala siku tatu kwa dada yake: mtalii. Yupo aliyevuka asubuhi kuja kuona pango na jioni yuko kwao: mtembezi. Na yupo anayevuka kila siku ya Mungu na baiskeli yake, shamba liko huku na mke yuko kule. Huyo si mgeni wa aina yoyote, kwa sababu pande zote mbili ni mazingira yake, mpaka ndio uliomkuta.

Imani kwamba mtalii ni Mzungu haikuzuka bure. Kwa miaka mingi picha za utalii tulizoonyeshwa zilikuwa simba, mlima na mtu mweupe mwenye darubini, na mgeni kutoka nje hulipa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji, na kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo macho yakaelekezwa huko. Lakini hata katika hesabu za wageni wa kutoka nje, Kenya imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa nchi zinazoongoza kwa idadi ya watu wanaoingia Tanzania. Wapo waliojaa Tanga wakati wa harusi na maulidi na hakuna aliyewaita watalii, kwa kuwa wanazungumza Kiswahili kizuri kuliko wenyeji wao.

Hiyo ndiyo safari. Sasa biashara.

Watu wamesafiri tangu na tangu. Kilicho kipya ni kumfanya msafiri kuwa mteja wa safari yenyewe. Tarehe 5 Julai 1841, Mwingereza aitwaye Thomas Cook alipeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Kila mmoja alitoa shilingi moja. Cook hakuwa na treni, hakuwa na reli, wala mji wa Loughborough haukuwa wake. Alichouza ni mpango: utapanda wapi, utashuka wapi, utarudi saa ngapi. Alimwondolea mtu wasiwasi, na ule wasiwasi ulioondolewa ndio ulioleta hela. Kampuni iliyozaliwa katika kazi hiyo iliishi mpaka ilipofilisika Septemba 2019.

Ndiyo maana ukiutafuta utalii kama unavyotafuta kiwanda, hutauona. Hauna bomba la moshi. Fikiria harusi ya hapa mjini. Kuna mpishi wa pilau, kuna wa turubai na viti, kuna mpambaji, kuna kundi la taarabu, kuna bodaboda aliyepeleka barafu. Hakuna hata mmoja kati yao atakayekuambia kazi yake ni harusi. Yule ni dereva, yule ni mpishi. Ila harusi ikiahirishwa, wote wamelala njaa siku moja. Utalii ni vivyo hivyo. Ni kazi nyingi za kawaida zilizounganishwa na mtu mmoja anayepita na fedha alizozipata kwingine. Mama wa mihogo yumo ndani yake mpaka shingoni, na hajui.

Wataalamu wa uchumi huuita utalii mauzo ya nje, na hapo wengi hupotea: vipi tuuze nje kitu ambacho hakijatoka? Watu wa Tanga tuna mfano wa kueleza hilo mlangoni mwetu. Mkonge ulioletwa huku mwaka 1893 tuliukata, tukausinga, ukapanda meli, hela ikarudi. Mnunuzi hakuwa na haja ya kuja. Pango la Amboni halipandi meli. Anayelitaka lazima aje mwenyewe, na akija atahitaji usafiri, maji, chakula, mtu wa kumshikia tochi na mahali pa kulala. Meli imegeuzwa: badala ya bidhaa kumfuata mnunuzi, mnunuzi amefuata bidhaa. Hela inayoingia ni ileile ya nje.

Na huo ndio ulinzi wake. Yupo Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga. Miaka ileile ya 1890 alipeleka kwao ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba ya Usambara. Leo ua hilo limezalishwa kwa rangi nyingi na limekaa madirishani Ulaya na Marekani, linauzwa kwenye vikopo vya plastiki, na Usambara haipati hata senti. Ua lilibebeka. Msitu wa Usambara lilikotoka, pamoja na ukungu wake wa asubuhi na ndege wake, haubebeki.

Lakini biashara hii ina udhaifu ambao mvuvi angeuelewa haraka. Samaki asiponunuliwa leo pale soko la Deep Sea, utamtia barafu, utamkaanga, utamkausha. Kitanda ambacho hakikulaliwa usiku wa leo hakihifadhiki. Kesho huwezi kuuza usiku wa jana. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje. Mwaka 2020, corona ilipofunga viwanja vya ndege, wakashuka mpaka takriban 620,000. Vitanda vilikuwepo, bahari ilikuwepo, tembo walikuwepo. Mnunuzi ndiye aliyekosekana, na usiku ule wote haukurudi, hata kama mwaka 2024 idadi ilipanda kupita milioni mbili.

Lipo kosa jingine tunalolifanya, na hili hufanywa hata na wenye vyeo: kudhani kwamba mahali pazuri tayari ni biashara. Tanga ina samaki silikanti. Dunia nzima ilidhani amekwisha toweka zamani za mijusi wakubwa, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu wavuvi wameshamnasa, na tangu 2009 tuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Hiyo ni fahari kubwa, nami naionea fahari. Lakini silikanti anaishi kwenye vina vya giza ambavyo mgeni wa kawaida hafiki. Huwezi kumkatia mtu tiketi ya kumwona. Mpaka pawe na mahali pa kuoneshwa, mtu wa kumsimulia na kitu cha kumweka mgeni hapo kwa saa mbili, silikanti ni kivutio kisicho na kaunta.

Tukifika kwenye lile swali la pili, hela zinakwenda wapi, naomba nisimulie kidogo. Niliwahi kumpeleka rafiki aliyetoka mkoani kwenye hoteli moja ya hapa Tanga. Ilikuwa msimu wa machungwa. Barabarani Muheza tulikuwa tumepita marundo yake, mengine yameanza kuoza, vijana wanayasukuma kwenye vioo vya magari kwa bei ya kutupa. Rafiki yangu akaagiza juisi ya machungwa. Ikaletwa iliyotoka kwenye boksi, imeandikwa kwa lugha ya nchi ambayo hata sijui ilipo bandari yake. Alilipa bei nzuri. Sehemu kubwa ya hela ile ilikaa Tanga kwa muda wa kumimina glasi, ikaendelea na safari zake.

Hilo wataalamu huliita uvujaji, na jina limekaa mahali pake. Unaweza kujaza maji mengi kwenye ndoo yenye matundu. Mgeni akilipia kila kitu kwao kabla hajaondoka, akapanda gari la kampuni ya mbali, akalala kwa mwekezaji wa mbali, akanywa juisi ya mbali, mji utamwona lakini hautamgusa. Ndiyo sababu tarakimu za wageni zinaweza kupanda na mwenyeji asihisi kitu, na wote wawili, mtangazaji wa redio na mnywa kahawa, wakawa wanasema kweli.

Sasa rudi kwenye karai. Sarafu za wale watoto wa Korogwe ni ndogo, lakini zifuate. Muhogo umetoka shamba la jirani. Mkaa umeletwa na kijana wa baiskeli. Ndimu ni za mti wa ndani. Mafuta tu ndiyo yamenunuliwa mjini. Jioni ileile nusu ya hela imeshalipwa kwa majirani watatu, na mmoja wao atanunua dagaa kwa wa nne. Sisemi wale Wazungu wawili hawakuleta kitu. Kiingilio chao kwa mkupuo mmoja ni kikubwa, na pango linahitaji kutunzwa. Ninachosema ni kwamba ukubwa wa hela na mzunguko wa hela ni vitu viwili, na sisi tumezoea kutazama kimoja.

Wapo pia wanaoukataa utalii kwa hofu ya maadili, nami siwabezi. Biashara hii inauza mahali, na mahali pana wenyewe. Mle pangoni siku ile, mwongozaji alipomulika tochi kwenye chumba kimoja, watoto walinyamaza ghafla: vitambaa, chupa tupu za marashi, sarafu zilizoachwa juu ya jiwe. Watu huja kufanya tambiko humo. Tongoni nako, kusini ya mji, magofu ya msikiti na makaburi yapatayo arobaini ni ya wazee wa watu. Mgeni anayepanda juu ya kaburi apige picha, akiwa na nguo ya kuogea, hajafanya kosa la utalii bali la adabu, na wa kumwambia ni sisi. Mwenye nyumba ana haki ya kusema viatu vinavuliwa mlangoni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," ndivyo tulivyofundishwa, na mwenyeji hawezi kupona kwa kudharauliwa kwake.

Saa tisa alasiri dereva wa basi alipiga honi. Nilimuuliza mwalimu kwa nini wanaondoka mapema hivyo na wametoka mbali. "Tumeshaliona pango," akanijibu. "Baada ya hapa hatukupangiwa kitu, na kuwalaza watoto wote hawa ningeanzia wapi, mzee wangu?" Nikamtajia chemchemi za maji moto za Galanosi, ambazo ziko jirani kabisa. Nikamtajia makaburi ya Tongoni. Nikamtajia makumbusho yaliyomo kwenye Boma la Wajerumani mjini. Alikuwa hajazisikia chemchemi wala makumbusho, na Tongoni alidhani iko Kilwa. Akaandika majina hayo matatu nyuma ya orodha ya wanafunzi, akanishukuru, akapanda.

Vumbi lilipotulia, mama alikuwa na karai la nne limejaa mihogo isiyo na mlaji. Akaiepua vipande viwili viwili, akaipanga kwenye sinia na kuifunika kwa gazeti. Kisha akayachuja mafuta kwa kitambaa, akayarudisha kwenye kopo lake.

"Hawakulala?" akaniuliza.

"Hawakulala, mama."

"Ningejua wanalala ningeweka maharage."